Tutathibitishaje kwamba hewa chafu ya mtaani inatokana na kuni za majumbani?

Mkaazi wa Mteremkoni aliuliza:

Salaam wanajukwaa. Kikundi chetu cha wakaazi kina vihisi sita vya leza vinavyopima chembe laini za hewani (zisizozidi kipenyo cha mikromita 2.5, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), vile vidogo vinavyotuma vipimo kwenye intaneti kila baada ya dakika mbili. Tulivifunga miezi mitatu iliyopita kwenye kuta za nyumba za waliojitolea, katika mtaa uliomo bondeni ambamo kaya nyingi hutegemea kuni kwa kupikia na kuotea. Tulitaka kueleza kwa tarakimu jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa pua yake, kwamba jua likishatua hewa huwa nzito, macho huwasha, na nguo zilizoachwa kambani huingizwa ndani zikinuka moshi.

Tarakimu tumezipata kwa wingi, ila kadiri tunavyozitazama ndivyo tunavyozidi kuzitilia shaka. Asubuhi za ukungu vihisi huonyesha zaidi ya mikrogramu 200 kwa mita ya ujazo hata kabla jiko lolote halijawashwa. Vihisi viwili vilivyo kwenye nyumba zinazotazamana hupishana karibu maradufu usiku uleule. Na tulipowapelekea viongozi wa eneo grafu zetu, mmoja wao aliuliza swali moja tu lililotunyamazisha: mmejuaje kuwa hizi ni kuni, wala si magari ya barabara kuu au taka zinazochomwa nyuma ya nyumba?

Msimu ujao baadhi ya kaya zitabadilisha majiko, nasi tungependa kupima kabla na baada. Naomba mwenye uzoefu atueleze kama vihisi hivi vinafaa kwa kazi hii, na kama vinafaa, tunakosea wapi.

Fundi Vichujio alijibu:

Ndugu Mkaazi, vifaa vyenu vinafaa, ila mnavidai jibu ambalo havikutengenezwa kulitoa peke yake. Kihisi cha leza hakipimi uzito wa chembe. Kina feni ndogo inayovuta hewa na kuipitisha mbele ya mwale wa leza. Chembe hutawanya mwanga, kipokezi hupima mwanga huo, kisha programu ya ndani hukisia uzito kwa kudhani kwamba chembe zote zinafanana na zile zilizotumiwa kukirekebisha kiwandani. Moshi wa kuni hautii dhana hiyo. Sehemu kubwa ya chembe zake ina kipenyo kilicho chini ya mikromita 1. Zile ndogo kabisa, za chini ya mikromita 0.3, kihisi hakizioni vizuri, ilhali zilizokua kidogo hutawanya mwanga kwa nguvu kuliko uzito wake unavyostahili. Matokeo yake ni kwamba katika moshi mzito vihisi vya aina hii mara nyingi husoma juu ya uhalisia, wakati mwingine kwa maradufu.

Suala la ukungu ni jepesi zaidi. Tone la maji hutawanya mwanga kama chembe ya moshi, na kihisi hakina namna ya kuvitofautisha. Hata kabla ukungu haujatanda, unyevu wa hewa ukipanda sana, chembe zenyewe hunyonya maji na kuvimba. Katika upimaji rasmi, kichujio kilichonasa chembe huwekwa kwanza katika chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa ndipo kiende kwenye mizani, kwa hiyo maji hayo kwa kiasi kikubwa huwa yameshaondoka. Ile 200 yenu ya alfajiri huenda sehemu yake kubwa ni maji matupu. Msiifute, bali iwekeeni alama na muitenge wakati wa kukokotoa wastani, mkiandika waziwazi ni kiwango gani cha unyevu mlichokitumia kuamua.

Mwaka 2021 watafiti wa EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, walichapisha mlinganyo wa kurekebisha vipimo vya vihisi vya PurpleAir, aina mojawapo ya vihisi vya leza: unazidisha kipimo kwa 0.524, unatoa 0.0862 iliyozidishwa kwa asilimia ya unyevu, kisha unajumlisha 5.75. Kihisi kikisoma 80 wakati unyevu ni asilimia 70, hesabu hiyo huleta takribani 42. Naitaja ili mwone ukubwa wa pengo, si ili muichukue kama ilivyo, kwa kuwa ilitokana na hewa ya kule na kifaa kile. Mlinganyo wenu mtaupata kwa kuweka vihisi vyenu kando ya kifaa cha kuaminika, katika hewa yenu wenyewe, na katika msimu uleule mtakaoufanyia kazi.

Kabla ya hapo kuna hatua isiyohitaji kifaa kingine chochote, nayo ndiyo mngeanza nayo miezi mitatu iliyopita. Vishusheni vihisi vyote sita, vifungeni kwenye nguzo moja, urefu mmoja, vikae hapo wiki mbili vikivuta hewa ileile. Vitakavyopishana hapo vinapishana kwa sababu ya kasoro zake, na tofauti hiyo mtaijua kwa kila kimoja. Mkivirudisha mitaani ndipo mtakapoweza kusema kwamba nyumba hii ina moshi kuliko ile. Mwishoni mwa msimu rudieni zoezi hilo, kwa maana masizi huganda ndani ya kihisi na feni huchoka.

Hata hivyo, msikimbilie kuamini kwamba zile nyumba mbili zinazotazamana zinapishana kwa kasoro za vifaa tu. Usiku tulivu hewa baridi huteremka na kujikusanya bondeni, hewa yenye joto kidogo ikakaa juu yake kama kifuniko, na moshi ukakosa pa kwenda. Katika hali hiyo dohani moja fupi inaweza kuufunika upande mmoja wa njia na kuuacha mwingine. Ndiyo tabia ya moshi wa kuni: hutoka chini, hutoka usiku, na hutoka mlangoni pa watu.

Mkipata pampu na vichujio, hata kwa kuazima, fanyeni angalau vipimo kumi vya saa 24 kando ya kihisi kimoja. Pampu inayovuta lita 2 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 2.88 kwa siku. Kama hewa ina mikrogramu 30 kwa mita ya ujazo, kichujio kitakusanya mikrogramu 86 tu. Uzito huo unahitaji mizani inayosoma hadi mikrogramu 1, na mguso wa kidole kisicho na glavu unaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Kwa hiyo chukueni pia vichujio vitupu, vipelekeni mpaka mahali pa kupimia, virudisheni bila kuvipitishia hewa, kisha vipimeni pamoja na vingine. Vikirudi vimeongezeka uzito, mtajua ni uchafu wa safari wala si moshi. Nimeona ripoti nzuri sana zikikataliwa kwa kukosa vichujio hivyo vitupu viwili au vitatu.

Mtafiti wa Masizi alijibu:

Naunga mkono yote ya Fundi Vichujio, nami nijibu swali la yule kiongozi, ambalo kwa kweli ni swali la haki. Uzito wa chembe hausemi chembe zimetoka wapi. Mikrogramu 40 za moshi wa kuni na mikrogramu 40 za dizeli ni namba ileile kwenye grafu yenu. Ili kuzitenganisha mnahitaji alama ambayo chanzo kimoja huiacha na kingine hakiiachi.

Alama inayoaminiwa zaidi kwa kuni ni sukari iitwayo levoglukosani. Selulosi, ambayo ndiyo kiunzi cha mmea, ikipashwa moto kupita nyuzi 300 za selsiasi huvunjika na kuitoa, na hakuna petroli wala dizeli inayoweza kuitoa kwa kuwa haina selulosi. Hupimwa maabara kutoka kwenye kichujio kilekile, au sehemu yake, mradi kichujio kiwe cha aina inayokubalika kwa kazi hiyo na kihifadhiwe katika baridi. Ndugu yake, manosani, hutoka kwa wingi zaidi kwenye miti laini kama misonobari kuliko kwenye miti migumu, hivyo uwiano wa sukari hizi mbili unaweza hata kudokeza ni miti ya namna gani inayochomwa. Zipo tahadhari mbili. Kiasi cha levoglukosani kwa kila gramu ya moshi hubadilika kulingana na aina ya mti, ubichi wake na jinsi moto unavyowaka, hivyo msitarajie asilimia isiyo na ukingo wa makosa. Tena majani makavu na mabaki ya mazao yakichomwa nayo huitoa. Yule aliyewauliza kuhusu taka za nyuma ya nyumba, kama taka hizo zina karatasi na matawi, hajajibiwa kikamilifu na sukari hii.

Njia ya pili haisubiri maabara. Ethalomita huvuta hewa kwenye utepe wa kichujio na kupima jinsi masizi yanavyomeza mwanga katika mawimbi saba, kuanzia nanomita 370, karibu na urujuanimno, hadi nanomita 950. Masizi ya dizeli humeza mwanga kwa utaratibu unaokaribia kuwa sawa katika rangi zote. Moshi wa kuni una vitu vya rangi ya kahawia ambavyo humeza zaidi upande wa urujuanimno. Tofauti hiyo huelezwa kwa namba iitwayo kipeo cha Ångström, ambayo kwa magari hukaribia 1 na kwa kuni hukaribia 2. Faida yake ni kwamba mnapata jibu kila saa: mkiona kipeo kikipanda saa moja jioni na kushuka alfajiri magari yanapoanza kupita, mtaa wenyewe umejieleza. Kifaa hiki ni ghali, lakini huazimwa, na wiki tatu za msimu wa moshi zinatosha kutoa picha.

Ipo pia njia ya kaboni 14, ambayo naitaja kwa heshima yake tu. Mti uliokatwa karibuni bado una kaboni hiyo, ilhali mafuta ya ardhini yameishiwa nayo zamani, kwa kuwa hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Ni ushahidi mzito, na ni kazi ya maabara chache sana.

Kabla hamjatafuta vyote hivyo, yafanyieni kazi mliyonayo. Pangeni vipimo vyenu kwa saa ya siku na siku ya juma. Magari yana kilele cha asubuhi na cha jioni na hupungua siku za mapumziko. Majiko hayajui mapumziko. Kisha tembeeni. Mtu mmoja ashike kihisi, afuate njia ileile kwa miguu kati ya saa mbili na saa tano usiku, kwa usiku mwingi tofauti, huku kihisi kimoja kikibaki mahali pamoja ili mabadiliko ya usiku mzima yaweze kuondolewa kwenye hesabu. Huko Victoria, Kanada, watafiti walizunguka na vifaa kwa gari usiku wa baridi na kuchora ramani ya moshi wa kuni ambayo kituo kimoja kilichosimama kisingeweza kuichora.

Mkaazi wa Mteremkoni aliandika:

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba wazo la kuviweka vihisi vyote pamoja halikutujia kabisa. Nina jambo moja la nyongeza. Baadhi ya wanakikundi, hasa akina mama, wanasema tunahangaika na hewa ya barabarani wakati moshi wenyewe umejaa jikoni. Wanataka vihisi viingizwe ndani. Wengine wanasema tukifanya hivyo tutakuwa tumeacha suala la jamii na kuingia suala la kaya moja moja. Mnashaurije?

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Akina mama hao wasikilizwe. Nimefanya kazi miaka mingi na wagonjwa wa kifua, na najua kwamba pafu halipimi barabara wala jiko. Hupokea jumla ya mahali pote mtu alipopitia siku hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kirk Smith na wenzake waliwavalisha vifaa vya kupimia wanawake waliokuwa wakipika kwa kuni katika vijiji vya Gujarat, India, na kazi hiyo ndiyo iliyowafungua wengi macho kwamba uchafu mkubwa wa hewa haukuwa kwenye miji yenye viwanda peke yake. Jambo la msingi walilolifanya ni kupeleka kipimo karibu na pua ya mtu.

Jikoni kwenye moto wa wazi vipimo vya mamia ya mikrogramu, na hata maelfu, ni vya kawaida. Kipimo hicho hakimfuati mpishi siku nzima, kwa kuwa hutoka, huenda kisimani, hukaa barazani. Ndiyo maana kipimo anachokivaa mtu mara nyingi huwa chini ya kile cha ukutani. Lakini akitoka nje akakuta moshi wa majirani kumi, hajatoka kwenye moshi. Hapo ndipo jiko la kaya moja linapokuwa suala la jamii, na sioni sababu ya kikundi kugawanyika.

Ushahidi upo. Nchini Malawi ulifanyika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, ambamo kaya zenye watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano ziligawanywa, baadhi zikapewa majiko ya kuni yenye moshi mdogo na nyingine zikaendelea na moto wa wazi. Homa ya mapafu haikutofautiana. Moja ya sababu zilizojadiliwa ni kwamba watoto waliendelea kuvuta moshi wa vyanzo vingine. Katika utafiti mwingine, ulioitwa HAPIN, uliofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, kaya zilipewa gesi na kuitumia kwelikweli: kipimo cha kati cha chembe laini walichovaa wajawazito kwa saa 24 kilikuwa mikrogramu 23.9, dhidi ya 70.7 kwa waliobaki na kuni. Ni punguzo kubwa, lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha kuthibitika, na hiyo 23.9 bado iko juu ya 15, ambayo ni kiwango cha saa 24 cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021. Kiwango cha wastani wa mwaka ni 5.

Ushauri wangu ni kwamba vihisi viwili viingie jikoni, viwili vibaki nje, na viwili vivaliwe au vifuatane na watu, kwa zamu. Ndani ongezeni kipimo cha kaboni monoksidi, kwa sababu hiyo huua kimyakimya na kihisi cha chembe hakiioni.

Fundi Vichujio aliongeza:

Nimwombe Muuguzi radhi kwa kupinga jambo moja dogo: vihisi vya leza vikiwekwa juu ya moto wa wazi hulemewa haraka, na vingine hufikia kikomo cha kusoma kabla ya moshi kufikia kilele. Viwekeni mita moja hivi kutoka kwenye jiko lenyewe, kimo cha pua ya mtu aliyesimama, mbali na dirisha na mlango, na muandike mahali hapo ili kila jiko lipimwe kwa namna moja.

Sasa kuhusu kupima kabla na baada, hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Mkipima mwezi huu na kurudia mwakani, mnachokiona kinaweza kuwa upepo tu. Mji wa Launceston, huko Tasmania, Australia, ulianza mwaka 2001 mpango wa kupunguza majiko ya kuni ya kupasha nyumba joto; kaya zilizoyatumia zilishuka kutoka asilimia 66 hadi 30, na wastani wa chembe wakati wa baridi ukashuka kutoka mikrogramu 44 katika miaka ya 1994 hadi 2000 mpaka 27 katika miaka ya 2001 hadi 2007. Hizo zilikuwa chembe za hadi mikromita 10, kwa hiyo msizilinganishe na zenu. Watafiti waliotathmini kama mpango huo ulipunguza vifo walitumia miaka mingi kila upande, na wakautazama pia mji wa Hobart, ambao haukuwa na mpango huo. Nanyi tafuteni mtaa wenu wa Hobart: mahali panapofanana na penu, pasipobadilisha majiko, penye kihisi kimoja au viwili. Linganisheni pia siku zenye upepo unaokaribiana.

Jambo jingine ni kujua kama jiko jipya linatumika. Kaya nyingi hupokea jiko jipya na kuendelea na mafiga kandoni, nalo si kosa, kwa maana kila jiko lina kazi yake. Kirekodi kidogo cha joto kikifungwa ubavuni mwa kila jiko kitawaonyesha saa za kuwaka bila kumhoji mtu. Ombeni ridhaa kwanza na mweleze takwimu hizo zitaonwa na nani. Moshi wa jirani ni jambo nyeti, na ramani inayoonyesha nyumba ya fulani ikiwa nyekundu inaweza kuvunja kikundi kabla ya msimu kwisha.

Mkaazi wa Mteremkoni aliandika:

Narudi baada ya siku kumi na sita. Vihisi vyote sita vimekaa kwenye nguzo moja, na tumetenga saa zote ambazo unyevu ulipita asilimia 90. Vinne vinakubaliana vizuri. Kimoja kimekufa feni. Kile cha nyumba iliyokuwa ikisoma maradufu bado kinasoma juu ya wenzake, lakini kwa theluthi moja hivi, si kwa maradufu. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ilikuwa kasoro ya kifaa na sehemu ni moshi halisi. Idara ya kemia ya chuo kikuu kilicho jirani imekubali kutupimia vichujio kumi na vitupu vitatu. Na mwenye nyumba inayotazamana na hiyo, ambaye dohani yake ni fupi kuliko paa la jirani, ameomba mwenyewe kirekodi cha kwanza cha joto kifungwe kwenye jiko lake.